Nilivyochagua Kifaa cha Kunolea Visu Jikoni Shela

Wapishi wenzangu nikikutana nao jetini, Lamu au Mokowe, swali lao ni lile lile: kifaa chako cha kunolea, kile chenye kuongoza jiwe, umekitoa wapi, na mimi ninunue kipi? Huwa siwajibu mpaka nao wanijibu: visu vyako ni vya aina gani, na nani anavishika? Watu hununua vifaa hivi kwa kutazama picha, bei, na idadi ya mawe yaliyopangwa kwenye sanduku. Mwisho wake sanduku linakaa juu ya kabati na kisu kinanolewa kwenye kitako cha bakuli la udongo, kama zamani.

Mimi napika kwenye nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Mashua zikirudi asubuhi, aliyewahi ndiye apataye kolekole mzuri au nguru wa kushiba mikono miwili. Msimu wa wageni ukichanganya, ubao wa kukatia haukauki. Visu vinavyofanya kazi kweli ni vinne: kirefu chembamba cha kutolea fileti, kipana cha jikoni, kidogo cha kumenyea, na panga fupi la kupasulia vichwa vya samaki na nazi. Vingine vipo, lakini hivyo ni vya kukatia mkate na kupigia picha.

Jiwe la mkono nalijua. Ami yangu alikuwa fundi wa milango ya kuchonga, na patasi zake alizinoa kwenye jiwe lenye matone ya mafuta, mkono hauinuki wala haushuki. Nilikaa naye sana udogoni, kitu kikaingia. Kwa hiyo sikutafuta kifaa kwa sababu jiwe limenishinda. Nilikitafuta kwa sababu jikoni mna mikono mingi. Msimu ukianza tunaongeza vijana, msimu ukiisha huyu anarudi kwenye mashua, yule anakwenda Mombasa, na kila mmoja ana mwinuko wake wa kunolea. Huyu hulaza kisu, mwenzake hukisimamisha. Wakipokezana kisu kimoja, zile pande mbili zinazopaswa kukutana kwenye makali zinaviringika, na kisu kilichoviringika hakikati ngozi ya nguru, kinateleza juu yake. Hapo mtu hukandamiza, na akikandamiza ndipo anapojikata. Vidole nilivyovifunga bandeji jikoni humu, vingi vilikatwa na visu butu.

Kazi ya kifaa chenye kuongoza jiwe ni hiyo moja tu: kumnyima mkono uhuru wa kubadilisha pembe. Kisu kinabanwa au kinalazwa mahali pake, jiwe limefungwa kwenye ufito, ufito unapita kwenye tundu au kwenye mkono wa chuma uliowekwa kwenye pembe uliyoitaka. Wewe unasukuma na kuvuta. Anayesukuma akiwa mimi au kijana aliyeanza kazi Jumatatu, pembe ni ile ile.

Kuhusu digrii nitasema kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza usingizi bure. Visu vya jikoni vya Ulaya, kama Victorinox ambavyo jikoni nyingi za pwani zinavyo, chuma chake si kigumu sana, kiko kwenye 55 au 56 kwa kipimo cha Rockwell, na hunolewa digrii 15 hadi 20 kila upande. Visu vingi vya Kijapani vinafika 60 na kupita, vinahimili 15 au hata chini ya hapo, lakini ukigonga mfupa makali yanameguka. Panga mpe 25 au 30 naye atakushukuru. Cha kuangalia ni kama namba iliyoandikwa ni ya upande mmoja au ya pande zote mbili kwa pamoja. Sharpmaker ya Spyderco, ile ya fito za kauri zinazosimama kwa umbo la V, imeandikwa 30 na 40. Maana yake ni 15 na 20 kila upande, na nimeshuhudia mtu akiikataa kwa kudhani ni ya mapanga.

Hizo fito za V ndizo nilizoanza nazo, za kuazima. Kisu unakishika wima na kukishusha kando ya ufito, kulia kisha kushoto. Hakuna kubana wala kupima. Kwa kisu ambacho bado kina umbo lake na kimepoteza wembe tu, sijaona cha kushinda. Lakini kauri yake ni laini mno kwa kisu kilichokwisha haribika. Kisu changu cha fileti kilikuwa na pengo pale kilipokutana na uti wa mgongo wa jodari, na kwenye kauri ile ningesugua mpaka kusi iishe. Tena wima huo huo unategemea jicho la mtu. Kijana akichoka, kisu kinalala, tunarudi pale pale.

Kisha akaja binamu yangu kutoka Ghuba na zawadi: kifaa cha Lansky, kibano kidogo chenye matundu manne ya 17, 20, 25 na 30, na vijiwe vyembamba vyenye fito zake. Kinaingia mfukoni, na bei yake haiogopeshi. Nimekitumia sana na bado ninacho. Ndicho kilichonifundisha kwamba namba iliyoandikwa kando ya tundu ni ya kukisia. Pembe halisi inategemea makali yamesimama umbali gani kutoka kwenye lile tundu. Kisu kipana kinatokeza mbali, kwa hiyo ukiweka 20 unapata pungufu. Kisu chembamba kiko karibu, unapata zaidi. Hilo halina neno, mradi kila mara unabana mahali pale pale. Nilitia alama ndogo ya maka peni kwenye mgongo wa kila kisu, hapa ndipo kibano kinapokaa, na mzozo ukaisha.

Tatizo ambalo alama haikulimaliza ni kisu cha kumenyea. Bapa lake ni jembamba, halifiki hata sentimita mbili, na ukitaka pembe ya chini jiwe linagusa kibano kabla halijagusa makali. Unasikia linakwaruza, unadhani unanoa kisu, kumbe unanoa kibano. Nikimwona mtu anasifu kifaa cha kubana mgongoni, huwa namuuliza kwanza kisu chake kidogo kabisa kina upana gani.

Na cha fileti ndicho kilichonifanya nitafute kingine. Kile kisu kimetengenezwa kipindike, ili kifuate mfupa wa samaki. Ukikibana katikati, ncha inabaki hewani bila kitu cha kuiegemea. Ukiweka jiwe juu yake inakimbia chini, na ikikimbia, pembe imeshabadilika. Nilikuwa napata makali mazuri kuanzia shina hadi katikati, na robo ya mwisho, ambayo ndiyo inayoingia nyuma ya matamvua, imebaki butu.

Hapa nieleze namna ya kuyaona haya kwa macho, kwa sababu haigharimu kitu. Chukua maka peni, paka wino kwenye makali yote, upande mmoja, kutoka shina hadi ncha. Funga kisu kwenye kifaa, pitisha jiwe laini kidogo tu bila nguvu, kisha kitoe ukitazame mwangani. Wino ukifutika upana wote wa yale makali, pembe yako imelingana na ya kisu. Ukifutika juu tu, upande wa bapa, umelaza mno. Ukifutika ukingoni kabisa, umesimamisha. Sasa tembeza jicho kuelekea ncha. Sehemu iliyonyooka utaona wino umefutika sawasawa, kwa sababu kwenye mstari ulionyooka jiwe linakaa kwa pembe ile ile hata likienda mbali na tundu. Mambo yanaanza kubadilika kisu kinapoanza kupinda. Kama kwenye mpindo wino unabaki ukingoni, sogeza kibano mbele au nyuma kidogo, paka tena, jaribu tena. Mara nyingi kusogeza kwa upana wa kidole kunatosha. Geuza na upande wa pili pia, maana visu vingi mgongo wake si sambamba, unapungua kuelekea makali, na kibano kikiukamata vibaya kisu kinalala upande mmoja. Unapata 17 huku na 21 kule.

Nikasoma, nikaulizia, nikatazama vya wenzangu waliofanya kazi kwenye meli za watalii. Kuna Wicked Edge ya Marekani, kisu kinasimama wima na mawe mawili yanapanda pande zote mbili, kulia na kushoto kwa zamu. Kizuri sana, na bei yake ni ya mtu mwenye kukusanya visu, si mwenye kuvitumia. Kuna Horl ya Ujerumani, kisu kinashikwa na sumaku kwa 15 au 20 na wewe unaviringisha gurudumu mezani. Vijana wangeipenda. Ila inataka meza iliyonyooka kabisa, na makali ya shina karibu na mpini hayafikiki vizuri. Zile za umeme zenye mkanda sikuzifikiria. Umeme ukikatika wageni wanakula kwa mshumaa na kuona raha, lakini samaki lazima akatwe, na isitoshe mkanda ukiwa mkononi mwa mtu mwenye haraka unakula kisu kama yule mzee wa baiskeli ya kunolea pale Mombasa, cheche nyingi na kisu kimerudi kimepungua.

Aina iliyobaki ni ile ya mkono mrefu, ambayo Edge Pro ya Oregon, Marekani, ndiyo yenye jina. Kisu hakibanwi. Kinalazwa juu ya kimeza kidogo na kushikwa kwa vidole, na unakisogeza mwenyewe kadiri jiwe linavyofika. Kisu chembamba kina kitu chini yake cha kukiegemea, na kisu kidogo hakigongani na kibano kwa sababu kibano hakuna. Nilipoona hivyo nikajua nimefika. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa nakala isiyo na jina la kueleweka, ya bei ya chini. Skrubu ya kushikilia mkono ilikuwa inalegea yenyewe katikati ya kazi, pembe inashuka kidogo kidogo na huna habari. Kwa hesabu ya haraka, kama makali yako sentimita 15 kutoka kwenye egemeo, kuinua au kushusha mkono kwa milimita 2.6 hivi ni digrii nzima. Skrubu iliyolegea inakupa hizo milimita bila kukuaga. Fundi wa injini za boti akanitilia nati ya pili ya kukaza juu ya ya kwanza, na tangu hapo imetulia. Ningekuwa nanunua leo, kitu cha kwanza ningeshika ni ile skrubu: nakaza, natikisa, nasikiliza.

Kimeza nacho kina tabia yake, hasa hapa kwetu. Shela mchanga hauna mlango. Chembe moja ikiingia kati ya kimeza na bapa, kila ukisogeza kisu unakichora mstari. Kisu cha kazi hakijali, ila mwenye nyumba alininunulia kile kipana kwa pesa nyingi na alinuna. Sasa kabla ya kunoa nabandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za bapa na kufuta kimeza kwa kitambaa chenye maji. Mikwaruzo imekwisha, na mwenye nyumba anacheka tena.

Kwenye mawe ndipo pesa ziende. Sanduku linakuja na mawe sita au zaidi, kila moja na namba yake, ndogo ni ya jiwe linalokwaruza na kubwa ni ya jiwe laini, na mengi hutayagusa. Kwa kazi ya samaki mimi natumia bamba la almasi namba 300 na kitu kwa kisu kilichoharibika, 600 kwa kawaida, na jiwe la 1000 siku ya nafasi. Usilinganishe namba za kiwanda kimoja na kingine kana kwamba ni mizani ya duka. Ya jiwe la Kijapani na ya bamba la almasi hazifanani. Almasi haibonyei katikati kama mawe ya kawaida, lakini imebandikwa juu ya chuma kwa tabaka jembamba. Ukikandamiza, punje zinang'oka na bamba limekufa. Uzito wa jiwe na mkono wake unatosha. Likiwa jipya litakwaruza kuliko namba yake, lipe muda.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mawe hayana unene mmoja. Ukitoka kwenye jiwe nene kwenda kwenye jembamba bila kurekebisha mkono, umebadilisha pembe, na jiwe laini linapita juu ya mahali pasipo makali. Unasugua kwa bidii, hakuna kinachokuwa. Wino wa maka peni utakwambia. Mimi niliwahi kununua mawe yote kwa muuzaji mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Kuna wanaotumia kipimo kidogo cha dijitali chenye sumaku, wanakiweka juu ya jiwe na kusoma digrii. Kinafaa, lakini hewa ya chumvi hakikuipenda.

Na ule ulaini wa mwisho, ambao watu wanapiga picha nywele inakatwa, kwa samaki hausaidii sana. Ngozi ya nguru na nyanya vinapenda makali yenye vijino vidogo. Nikiishia 600 na kupitisha kisu kidogo kwenye ukanda wa ngozi, kinakata vizuri na kinakaa na makali yake zaidi kuliko nikikipeleka hadi kiwe kioo. Cha lazima ni kusubiri ule ukunjo mwembamba wa chuma utokee upande wa pili, urefu wote wa kisu. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, usikipitishe kwa urefu wa makali, utausikia unakwaruza. Ukiwa haujafika kwenye ncha, usigeuze kisu. Vijana wangu wote hukimbilia kugeuza.

Kisu cha kuchinjia ni habari nyingine. Karibu na Idd ya kuchinja majirani huleta visu vyao, na huko silegezi. Mafundisho ya Mtume yako wazi kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake, na asikinoe mbele ya macho yake. Kwa visu hivyo nakwenda hadi jiwe laini kabisa, digrii 20, na natazama kwa taa kama kuna hata pengo moja. Panaponikera ni pale mtu anapoleta kisu cha jikoni kilichojaa mapengo jioni ya kuamkia Idd. Kuliondoa pengo ni kula chuma cha makali yote mpaka yalingane na kina chake, na huo si usiku wake.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa kifaa chenyewe. Kabla ya kuagiza, uliza skrubu ni za chuma gani. Mwili wa alumini utadumu, lakini skrubu ya chuma cha kawaida hapa inashika kutu hata ikiwa kabatini. Naosha kwa maji matamu ya kisima, nakausha, natia tone la mafuta ya cherehani kwenye nyuzi za skrubu. Mafuta ya nazi nimeyajaribu, yanaganda na kunuka. Na uliza vipuri. Kifaa kikitoka ng'ambo kuna nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, kisha basi hadi Mokowe, kisha boti. Jiwe moja likivunjika na haliuzwi peke yake, umenunua sanduku zima tena.

Kwa upande wa patasi, nilimpelekea kifaa changu fundi mmoja wa milango hapo mjini akijaribu, nikidhani kimeza kingemfaa. Akakigeuza huku na huku, akacheka. "Ndoo utizame," akaniambia, yaani njoo utazame, akaiweka patasi yake juu ya jiwe lake, upande wenye pembe ukajilaza wenyewe. Patasi ina upande mmoja tu wa kunoa na ni mpana, wenyewe ndio unaojiongoza. Hana haja na kifaa changu. Mikasi ya mafundi cherehani nayo huwa nairudisha, na mbuzi ya nazi ni kazi ya tupa, jino kwa jino.

Mwenzangu wa Mokowe aliyenishikilia sana kwa maswali anapikia harusi. Visu vyake vyote ni vipana na vigumu, hatoi fileti, na anayenoa ni yeye peke yake. Nilimwambia asihangaike na mkono mrefu. Amenunua kile cha matundu manne, ametia alama zake za maka peni kwenye migongo, na pesa iliyobaki ameongeza kwenye kisu cha maana. Sasa anatafuta bamba la almasi la 600 linaloingia kwenye ufito wake, na akilipata Mombasa nimemwagiza na langu.